Geuza Picha Kwanza: Mwongozo wa Kununua na Kutunza Mandhari ya Kale ya Rangi za Maji kutoka Ufaransa

Simama kando ya meza ya mchuuzi wa vitu vya kale popote karibu na Lyon, Jumapili alfajiri, uwatazame wanunuzi. Wote hufanya jambo moja: huinama na kusoma kona ya chini, upande wa kulia. Wanatafuta saini. Nami nilikuwa hivyohivyo. Picha yangu ya kwanza niliilipia euro 80 kwa ajili ya saini tu, na nilipofungua fremu nyumbani nikakuta nimebeba chapa ya mashine iliyoguswaguswa rangi hapa na pale. Tangu siku hiyo saini naisoma mwisho. Kwanza nageuza picha.

Mwongozo huu ni wa aina moja ya picha: mandhari ya mashambani iliyochorwa kwa rangi za maji juu ya karatasi, kati ya miaka ya 1840 na mwanzo wa karne ya 20, na mchoraji ambaye jina lake linajulikana zaidi mkoani kwake kuliko Paris. Picha hizi zimejaa Ufaransa. Reli ilipofika vijijini, wachoraji waliweza kupanda treni na sanduku dogo la rangi, wachore mto au shamba papo hapo, warudi jioni. Rangi za maji hukauka upesi na hazina uzito, kwa hiyo zilifaa sana kwa safari hizo. Miji kama Lyon ilikuwa na maonyesho yake na wateja wake, na mchoraji angeweza kuishi maisha yake yote bila kuihitaji Paris.

Mfano nitakaourudia ni François-Auguste Ravier, aliyezaliwa Lyon mwaka 1814 akafariki Morestel, mji mdogo wa Isère, mwaka 1895. Alianza kuchora maeneo ya Crémieu na Optevoz, ambako wachoraji wa mandhari Corot na Daubigny nao walifika, kisha akahamia Morestel na kubaki huko. Hakujisumbua sana na maonyesho ya Paris. Alichora madimbwi, njia za shamba, na jua linalozama, tena na tena, hadi anga zake zikawa kama moto uliomwagiwa maji. Nyumba yake mjini Morestel sasa ni makumbusho, na mtu anayetaka kununua picha za eneo lile aanzie hapo, macho yazoee kazi halisi kabla hajatoa pesa.

Hatua ya 1: Beba vifaa vinne

Kioo cha kukuzia chenye nguvu ya mara 10, tochi ndogo, futikamba, na taa ndogo ya miale ya urujuanimno, ile wanayotumia kukagulia noti. Vyote vinaenea mfukoni. Muombe mchuuzi ruhusa kabla ya kuwasha taa au kugeuza kitu chake. Kwa Wafaransa salamu ya "bonjour" hutangulia kila kitu, na ukiiruka, bei haishuki ng'o.

Hatua ya 2: Hakikisha ni rangi ya mkono, si chapa

Weka kioo cha kukuzia juu ya anga, kwa sababu angani ndipo mashine hujiumbua. Ukiona nukta zilizopangwa kwa safu kama nyavu, hiyo ni picha iliyochapwa. Zikiwa zimetawanyika ovyo lakini kila moja ina rangi yake kamili, kuna uwezekano mkubwa ni lithografia ya rangi, teknolojia iliyopendwa sana mwishoni mwa karne ya 19. Kuna chapa nyingine ngumu zaidi kuitambua, ya fototipia, ambayo haina nukta. Hiyo huonyesha mikunjo midogo sana, kama vijiminyoo vilivyojikunja.

Rangi za maji halisi zina tabia zake. Chembe za rangi hutulia ndani ya vishimo vya karatasi. Pale tone lilipokaukia, ukingo wake huwa na mstari mzito kuliko katikati. Mwanga mweupe, kwa mfano ukuta wa nyumba uliopigwa na jua, mara nyingi ni karatasi yenyewe iliyoachwa bila rangi, au sehemu iliyokwaruzwa kwa ncha ya kisu ili nyuzi nyeupe zitokeze. Mulika tochi kutoka ubavuni, mwanga ulale juu ya karatasi, na mikwaruzo hiyo utaiona. Tafuta pia penseli chini ya rangi: mstari wa paa uliosogezwa kidogo, mti uliochorwa kisha ukaachwa. Mashine haibadili mawazo.

Mtego mmoja ulioninasa: chapa ya mistari myeusi ambayo mtu amepaka rangi za maji kwa mkono. Hapo rangi ni halisi, ila mchoro wa chini si wa mkono. Tazama mistari, usitazame rangi.

Hatua ya 3: Isome karatasi

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko popote.

Kama unaweza kuiona karatasi nje ya fremu, iinue mbele ya dirisha. Karatasi nzuri za wakati ule zilikuwa na alama ya kiwanda iliyoachwa ndani ya karatasi yenyewe, inayoonekana kwa mwanga unaopenya. Alama utakazokutana nazo mara nyingi ni Whatman, kutoka Kent nchini Uingereza, iliyopendwa na wachoraji wa Ufaransa pia; Arches, kutoka milima ya Vosges; na Canson & Montgolfier, kutoka Annonay katika Ardèche. Whatman wakati mwingine huwa na mwaka kando ya jina. Mwaka huo unakuambia karatasi haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Haukuambii lini ilichorwa, maana mchoraji anaweza kukaa na karatasi miaka kumi kabatini, na mghushi anaweza kuchana ukurasa mtupu kutoka kitabu cha kale.

Karatasi hizo zilitengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani. Kuanzia katikati ya karne ya 19 karatasi ya majimaji ya mti ilianza kuenea, nayo ina asidi: hugeuka njano, kisha kahawia, kisha hukatika kama biskuti. Mchoraji mwenye hela alinunua ya matambara. Mwanafunzi na mpenda kuchora wa Jumapili walitumia walichopata. Kwa hiyo ubora wa karatasi unakupa habari za mtu aliyeishika.

Sasa washa ile taa ya urujuanimno, mahali penye kiza, bila kuielekeza machoni. Karatasi iking'aa buluu nyeupe kama shati jipya lililofuliwa kwa sabuni ya unga, ina kemikali za kung'arisha zilizoanza kutiwa kwenye karatasi katikati ya karne ya 20. Ravier alikuwa kaburini zaidi ya miaka 50. Mjadala umekwisha, rudisha picha mezani. Karatasi ya zamani huonyesha mwanga hafifu, wa njano au wa kijivu.

Taa hiyohiyo inasaidia kwenye rangi nyeupe. Wachoraji wengi waligusia mwanga kwa nyeupe nzito ya zinki, iliyouzwa kama rangi ya maji tangu 1834. Chini ya taa hung'aa njano ya kijani. Nyeupe ya titani, ambayo haikuingia madukani hadi baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, hubaki na kiza cha zambarau. Ukiiona kwenye picha yenye tarehe ya 1880, ama kuna mtu aliyeirekebisha baadaye, ama kuna mtu anayekudanganya. Kosa la haraka ni kudhani daima ni la pili.

Hatua ya 4: Mgongo wa fremu

Nyuma ya picha ni kama mgongo wa barua. Lebo ya mtengeneza fremu yenye anwani ya mtaa, namba ya mnada iliyoandikwa kwa chaki, muhuri wa forodha, jina la kijiji kwa penseli: kila kimoja ni uzi wa kuvuta. Ukiona muhuri mdogo wa herufi au umbo la ajabu kwenye karatasi yenyewe, huenda ni alama ya mkusanyaji. Mholanzi Frits Lugt alichapisha kamusi nzima ya alama hizo mwaka 1921, na sasa inatafutika bure mtandaoni. Muhuri wenye jina la mchoraji na neno "atelier" kwa kawaida uligongwa baada ya kifo chake, familia ilipouza kazi zilizobaki. Huo si saini, lakini mara nyingine una uzito kuliko saini.

Misumari nayo husema. Yenye kutu sawasawa, iliyokaa ndani ya matundu yake ya asili, inaonyesha fremu haijafunguliwa muda mrefu. Misumari mipya kwenye fremu ya kale si dhambi, ila uliza kwa nini ilifunguliwa.

Hatua ya 5: Tambua mahali

Wauzaji huandika "mandhari ya Provence" kwa sababu Provence inauzika. Wewe tazama mapaa. Provence ina vigae vya nusu duara vilivyolazwa kwa mteremko mdogo. Bretagne ina mapaa ya jiwe jeusi la bamba. Franche-Comté utaijua kwa mnara wa kanisa wenye kichwa kilichojipinda kama kengele, mara nyingi cha vigae vya rangi. Eneo la Ravier, kaskazini mwa Dauphiné, jimbo la kale ambamo Isère imo, lina mapaa marefu yenye mteremko mkali na nyumba za udongo wa kushindilia, ambazo mtu aliyekulia bara kwetu atazitambua hata kabla ya kuuliza. Bonde la Creuse, karibu na Crozant, ambako mchoraji Armand Guillaumin alichora kwa miaka mingi, lina miamba na magugu ya zambarau ukingoni mwa mto.

Ukishadhani eneo, tafuta postikadi za kuanzia 1900 hivi. Hifadhi za nyaraka za mikoa ya Ufaransa zimeweka maelfu mtandaoni bila malipo. Mnara wa kanisa, daraja na kilima vikikaa sawa na vya picha yako, umepata kijiji, na ukipata kijiji orodha ya wachoraji inapungua kutoka mamia hadi pengine watano. Kazi hii inaweza kukuchukua majuma. Ni sehemu tamu kuliko zote, na haina gharama isipokuwa bando.

Hatua ya 6: Sasa ndiyo saini

Saini ya kweli imekaa ndani ya picha: imeandikwa kwa rangi zilezile, imefifia kwa kiasi kilekile, na uchafu umepita juu yake. Angalia hasa pale saini inapopita juu ya madoa madogo ya kahawia ya ukungu. Ukungu hula ile gundi inayozuia karatasi isinyonye maji, hivyo mtu akiandika juu ya doa baadaye, wino husambaa kama kwenye karatasi ya kukaushia. Saini iliyovuja kwenye madoa tu, na safi kwingineko, imeongezwa baada ya madoa kutokea.

Jua pia desturi ya mchoraji. Henri Harpignies, aliyezaliwa Valenciennes mwaka 1819 na kufariki 1916, akachora sana Hérisson na Saint-Privé, mara nyingi alitia jina na mwaka. Alikuwa maarufu, kwa hiyo aliigwa mno. Jina kubwa kwenye karatasi mbaya ndilo linalopaswa kukutisha. Jina lisilosomeka kwenye karatasi nzuri, mkono ukiwa mzuri, huwa ndilo ninalolinunua.

Hatua ya 7: Soma lugha ya mnada

Ufaransa ina amri ya serikali ya tarehe 3 Machi 1981 inayosema kila neno la katalogi lina dhamana gani. Katalogi ikitaja jina la mchoraji bila nyongeza, au ikisema picha ina saini yake bila kuweka shaka yoyote, muuzaji anadhamini kuwa ni kazi yake. "Attribué à" maana yake picha ilitengenezwa katika kipindi ambacho mchoraji alikuwa akifanya kazi na kuna dalili nzito kuwa ni yake, lakini hakuna hakika. "Atelier de" inamaanisha ilitoka kwenye karakana yake au chini ya uongozi wake. "École de" ikifuatwa na jina la mtu inadai mchoraji alikuwa mwanafunzi wake na picha ilichorwa akiwa hai au ndani ya miaka 50 baada ya kifo chake. Ukifika kwenye "dans le goût de", "manière de", "genre de" au "d'après", hakuna dhamana ya mchoraji, tarehe wala shule.

Kuna ujanja mmoja wa lugha: "porte une signature", yaani picha "imebeba saini". Dalali akiandika hivyo badala ya "signé", anajitoa kwenye dhamana kwa adabu.

Soma pia hali. "Rousseurs" ni yale madoa ya kahawia. "Insolé" ni picha iliyoliwa na jua. "Mouillures" ni alama za maji. "Collé en plein" ni karatasi iliyogundishwa yote kwenye ubao, na hilo hupunguza bei kwa haki. "À vue" ni vipimo vya sehemu inayoonekana tu ndani ya fremu.

Ukipiga bei, kumbuka bei iliyogongewa nyundo na dalali siyo mwisho. Ada ya mnunuzi huongezwa juu, mara nyingi karibu robo ya bei, kwa hiyo euro 200 za nyundo ni kama euro 250 mfukoni. Ukigundua kasoro, madai dhidi ya nyumba ya mnada yana muda wa miaka 5 tangu siku ya mauzo. Weka risiti na ukurasa wa katalogi pamoja.

Mandhari ya mchoraji wa mkoani asiye maarufu huuzwa kwa makumi ya euro hadi mamia machache. Usiogope vibali vya kuitoa Ufaransa kwa picha ya bei hiyo. Vizingiti vya rangi za maji viko kwenye makumi ya maelfu ya euro.

Hatua ya 8: Ifungue ukiwa nyumbani

Laza fremu kifudifudi juu ya taulo safi. Kata karatasi ya nyuma taratibu, ng'oa misumari kwa koleo dogo, na kila lebo iache ilipo. Ukiona rangi imenata kwenye kioo, simama hapohapo. Ukiona picha imegundishwa yote kwenye ubao, simama pia. Hizo ni kazi za mtaalamu wa kuhifadhi karatasi, na usiruhusu fundi fremu yeyote akuambie anaweza kuibandua kwa mvuke wa birika. Mmoja aliniambia hivyo, nikamwachia, na anga ya picha yangu ikawa ramani.

Ikitoka salama, tazama ukingo uliokuwa umefichwa chini ya kadi yenye dirisha, ile inayoizunguka picha kwa mbele ndani ya fremu. Ukanda huo haukuona jua. Ukiwa na buluu na mahali pengine anga ni ya kahawia nyekundu, umejua kilichotokea: mchoraji alitumia nili, mwanga ukaila, ikabaki nyekundu iliyokuwa imechanganywa nayo. Watu huitazama anga hiyo na kusifu machweo ambayo mchoraji hakuyaona. Kwa Ravier kosa hili ni rahisi zaidi, kwa kuwa machweo yake mengi ni ya kweli. Ukanda uliofichwa ndio shahidi. Rangi iliyokufa hairudi, na anayejitolea kuirudisha atakupakia picha yake juu ya ile uliyonunua.

Mstari wa kahawia kuzunguka picha, sawasawa na ukingo wa dirisha la kadi, ni asidi ya kadi mbaya. Kadi hiyo itupe, baada ya kunakili chochote kilichoandikwa juu yake. Usijaribu kufuta madoa kwa mkate, kwa klorini wala kwa kifutio cha shule. Vumbi lisilonata liondoe kwa brashi laini, nyuma tu.

Hatua ya 9: Irudishe ndani ipasavyo

Agiza kadi ya pamba isiyo na asidi, mbele na nyuma. Picha ining'inie kwa vibawaba viwili tu, juu, vya karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, ambayo hutoka kwa maji kidogo. Selotepu ni marufuku: gundi yake huingia kwenye karatasi na kuacha doa la mafuta. Kioo kisiguse rangi. Unene wa kadi ndio unaotenganisha. Ukimudu kioo cha kuzuia urujuanimno, nunua, ingawa hakizuii mwanga wote.

Makumbusho huweka rangi za maji kwenye mwanga wa luksi 50 hivi, yaani pa kiza kuliko sebule nyingi zilivyo. Ukuta unaotazamana na dirisha haufai. Korido inafaa.

Unayeipeleka Mombasa, Unguja au Dar es Salaam una tatizo jingine. Ukungu huamka unyevu unapopita asilimia 65 au 70, na pwani yetu hufika hapo bila juhudi. Usiitundike kwenye ukuta wa nje wa nyumba, wala karibu na jiko au bafu. Gundisha vipande viwili vya kizibo kwenye kona za chini za fremu, nyuma, ili hewa ipite kati yake na ukuta. Kiyoyozi kinachowashwa usiku na kuzimwa mchana ni kibaya kuliko kutokuwa nacho, kwa sababu karatasi hutanuka na kusinyaa kila siku. Wakati wa masika ishushe kila baada ya wiki mbili, uangalie nyuma: vumbi la mbao chini ya fremu ni bungua, na mikwaruzo ya kulambwa kwenye karatasi ni vile vidudu vya rangi ya fedha. Fremu yenye bungua itenganishe na picha siku hiyohiyo.

Mwisho, andika kwa penseli kwenye kadi mpya ya nyuma, kamwe si kwenye picha: ulikoinunua, tarehe, bei, alama ya karatasi, kijiji ulichokitambua na jinsi ulivyokitambua. Lebo za zamani ziweke kwenye bahasha, uibandike ndani ya fremu. Kwenye ile iliyotundikwa koridoni kwangu nimeandika: karatasi ya Whatman, nyeupe ya zinki, njia ya shamba kaskazini mwa Dauphiné, mapaa marefu, jua la jioni kutoka kushoto. Mbele ya neno "mchoraji" nimeacha nafasi ya sentimita nne.